Kidole cha Mama Kilikuwa na Wino

Alhamisi, saa tisa mchana, nilifungua geti nikampata Mama amekaa kwa veranda anasugua kidole gumba na sabuni ya Omo.

Alikuwa anasugua na jiwe. Lile lake la visigino.

Kidole kilikuwa kimekuwa chekundu na bado wino haukuwa umetoka. Wino wa bluu, ule wa ofisini.

"Mama, hiyo ni nini?"

Akaficha mkono chini ya leso.

"Rangi."

"Rangi ya nini?"

"Ya ukuta."

Jamani, ukuta wetu mara ya mwisho kupakwa rangi, baba alikuwa hai.

Nilisimama hapo na mkoba begani nikaogopa. Maana kuna kitu mimi nilikijua kuhusu huo mkono, na acha niwaambie ndio muelewe mbona niliogopa hivyo.

Mimi ni Maximilla. Wengi wenu mnanijua kama Maxi wa agrovet, lile duka la mbegu na dawa za mifugo, yule dada mwenye mdomo. Naishi mtaa wa West Indies, hapa Eldoret, kwa nyumba ya wazazi wangu. Ndoa yangu iliisha miaka sita iliyopita, nikarudi nyumbani na mtoto wangu Lorraine, na nikabaki. Mimi ndiye nimekuwa nikikaa na Mama tangu baba afariki. Mama anaitwa Perpetua, ana miaka sabini na mbili.

Mwezi wa nane Mama alipata stroke, kile kiharusi. Alipona, lakini mkono wa kulia ulibaki mzito. Hawezi kushika kalamu. Akijaribu, inaanguka.

Kwa hivyo mtu akitaka sahihi ya Mama siku hizi, kuna njia moja tu. Anamshika kidole, anakiweka kwa wino, anakibonyeza kwa karatasi.

Sasa niambieni nyinyi. Nani alikuwa amemshika mamangu kidole nikiwa kazini?

Sikumuuliza tena. Niliingia ndani moja kwa moja mpaka chumba chake, nikapiga magoti, nikavuta lile sanduku la bati chini ya kitanda.

Risiti za stima zilikuwepo. Picha za harusi yao zilikuwepo. Programu ya mazishi ya baba ilikuwepo.

Title ya nyumba, ile hati yenyewe, haikuwepo.

Title ya shamba letu la kule Ziwa pia haikuwepo.

Na ile karatasi ya Krismasi... haikuwepo.

Hiyo karatasi ya Krismasi lazima niwaeleze, kwa sababu kila kitu kinaanzia hapo.

Krismasi iliyopita, kabla Mama hajaugua, tulifanya kikao cha familia. Nyinyi mnajua vikao vyetu sisi Waluhya. Hatuwezi kugawana hata kuku bila mwenyekiti, katibu na ajenda. Mzee Johnstone, ndugu ya marehemu baba, akawa mwenyekiti. Mimi nikawa katibu, kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri na mdomo wangu hauwezi kukaa bila kazi.

Ajenda ilikuwa moja, mali ya Mama. Mama mwenyewe alisema hataki siku akienda tuanze kukimbizana kortini kama watu wa kule jirani.

Nikaandika juu kwa herufi kubwa, WOSIA WA MAMA PERPETUA. Shamba la Ziwa liende kwa ndugu yangu Lusweti. Nyumba ya West Indies iende kwa Maximilla. Mzee Johnstone akasema tuongeze mstari mmoja, ya kwamba chochote kingine kitakachobaki ni cha kijana, yaani Lusweti, ndiyo mila. Sikubishana. Kitabaki nini, sufuria?

Mama akatia sahihi. Mwenyekiti akatia sahihi. Katibu, yaani mimi, nikatia sahihi na tarehe, nikapiga mstari chini na rula.

Lusweti hakuwepo. Alifika jioni kutoka Nakuru akapata tumeshafunga na maombi.

Nilijisikia mtu wa maana sana siku hiyo. Nililala nikijua mtoto wangu hatawahi kutupiwa vitu nje.

Na sasa hiyo karatasi haikuwa kwa sanduku, wala title.

Nilitoka nje nikavuka barabara mpaka kibanda cha Mama Odera. Huyo mama anauza mboga mbele ya geti letu na hakuna kitu kinampita.

"Mama Odera, kuna mtu alikuja kwetu leo?"

Akaangalia sukuma zake kwanza.

"Maxi, mimi sipendi maneno."

"Niambie tu."

"Lusweti alikuja saa nne. Na ile Probox yake nyeupe. Alikuwa na mwanamke wa suti nyeusi na watu wengine wawili siwajui. Hao wakaingia ndani. Yeye akabaki kwa gari."

"Walikaa sana?"

"Kama saa moja na nusu. Wakatoka na bahasha."

 Nilikaa kwa kreti yake ya nyanya.

Nikampigia Lusweti.

"Bro, uko wapi?"

"Niko Nakuru, kazini. Kwani?"

Na nyuma yake nikasikia makanga wa matatu anaita, Kapsabet, Kapsabet, wawili bado.

Gari za Kapsabet zinajaziwa hapa Eldoret. Nakuru gani hiyo watu wanaitiwa Kapsabet?

"Sawa," nikasema. Nikakata simu.

Ndugu yangu wa tumbo moja alikuwa amenidanganya nikisikia kwa masikio yangu. Alikuwa hapa mjini, amebeba title za Mama, na Mama ako na wino kwa kidole.

Ndipo nikakumbuka Jumanne. Jumanne nilipata kijana anaitwa Kipkemboi anapima ua letu na kile kidude cha miguu mitatu. Nikamuuliza ametumwa na nani. Akasema, "Madam, niliambiwa nisiongee na watu wa nyumba." Mama akaniambia ati ni watu wa stima wanaangalia mti uliogusa nyaya za umeme. Nikaamini.

Nani anapima ploti ya mtu kama si anayeuza?

Hiyo Alhamisi sikula. Lorraine aliniuliza mbona nimeweka chumvi kwa chai.

Ijumaa nikajaribu Mama tena. Nilimpelekea uji kitandani, nikamkuta anaongea kwa simu kwa sauti ndogo. Aliponiona akakata.

"Mama, Lusweti alikuja hapa jana?"

Akasukuma simu chini ya mto.

"Mama, title ziko wapi?"

"Maximilla, usiniulize."

"Mbona nisikuulize? Si ni mimi naishi na wewe?"

Akaniangalia. Upande mmoja wa mdomo wake siku hizi unachelewa, kwa hivyo maneno yalitoka polepole.

"Nimeambiwa usijue."

Nimeambiwa.

Hilo neno liliniogopesha kuliko ule wino. Mamangu hajawahi kuambiwa kitu na mtu. Ni mwanamke alijenga hii nyumba akibeba mawe na baba, na mafundi walikuwa wanamuogopa kuliko baba. Sasa amekuwa wa kuambiwa?

Nilipotoka, nikasikia anafunga mlango na ufunguo. Maisha yangu yote sijawahi kusikia Mama akinifungia mlango.

Nikampigia Mzee Johnstone. Nilidhani huyo ni mwenyekiti, atasimama na mimi.

"Mzee, Lusweti amechukua title."

Akakohoa.

"Maxi, Lusweti ndiye kijana. Mambo ya title ni ya vijana. Wewe bado ni mdogo, unaweza kuolewa tena."

"Lakini tuliandika, Mzee. Ulitia sahihi."

"Tuliandika, ndiyo. Lakini karatasi ni karatasi."

Nilikaa kwa choo cha nje nikalia huko, Lorraine asinione. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, na nilijiona nikibeba magodoro kwa mkokoteni na mtoto wa Gredi ya Sita, tukitafuta chumba kimoja mtaa wa Langas. Na Mama je? Wakiuza nyumba yake, watampeleka wapi na mkono huo?

Sasa hapa ndipo mnaingia nyinyi.

Mnakumbuka ile post. Ijumaa, saa saba mchana. Niliweka picha ya Lusweti, ile ya graduation, nikaandika: "Huyu ni ndugu yangu. Anamshika mamangu mgonjwa kidole ili auze nyumba yetu. Watu wa Eldoret na Nakuru, mkimuona mjue ni mwizi."

Mlinijaza comment. "Mshike." "Ndugu ni nyoka." "Rarua hizo karatasi akikuja." Ilishewa, watu wakaisambaza, mara mia nne na kitu. Sikuwa nimewahi kupata like hata hamsini, na sitawadanganya, ilinipa nguvu. Niliacha kuogopa kidogo. Nikaanza kukasirika, na mimi nikikasirika huwa najiona nina haki.

Jumamosi, saa sita, Probox nyeupe ikasimama kwa geti.

Lusweti alitoka na bahasha ya kaki chini ya kwapa. Alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa ya mtu hajalala.

Nikasimama kwa geti.

"Hiyo ni nini?"

"Maxi, ngoja kwanza. Toa ile post, halafu nitakueleza."

"Nakuuliza hiyo ni nini."

"Ni ya Mama. Nimetumwa nimletee Mama mkononi. Wacha nipite."

"Ulikuwa Nakuru Alhamisi?"

Akahamisha bahasha kwapa lingine.

"Ulikuwa Nakuru, Lusweti?"

"Hapana. Lakini..."

Sikungoja hiyo lakini. Niliivuta bahasha, nikatoa karatasi, nikaona kidole cha bluu cha Mama chini ya ukurasa. Kidole chake. Chenye kovu la kisu cha kukata kabeji.

Nikairarua.

Nikarudia, na nikarudia tena. Mama Odera alikuwa amesimama upande ule wa barabara na mkono kwa mdomo.

"Uza sasa," nikamwambia. "Uza nione."

Lusweti hakunipiga wala hakunitukana. Aliangalia chini kwa vile vipande, na uso wake ukaniogopesha, kwa sababu haukuwa uso wa mwizi ameshikwa.

Ndipo tukasikia sauti kwa veranda.

Mama alikuwa amesimama peke yake bila bakora, ameshika nguzo, na mkono ule mzima ameunyoosha kwangu.

"Maxi... hapana... hiyo..."

Halafu mguu ukakataa. Alienda chini na upande. Kichwa hakikugonga simiti, Mungu ni mwema, kiligonga godoro nililokuwa nimeanika hapo. Lakini alipolala hapo, macho yalikuwa wazi na hakuwa ananijibu.

Sikumbuki vizuri tulivyofika hospitali. Nakumbuka Lusweti akiendesha na taa zimewashwa mchana. Nakumbuka kichwa cha Mama kwa mapaja yangu, na mimi nikisema, "Mama ni mimi, Mama ni mimi," kana kwamba hiyo ingemsaidia. 

Wakamwingiza ndani. Daktari akatuambia tungoje nje.

Tulikaa kwa benchi moja, mimi mwisho huu, yeye mwisho ule. Katikati yetu ilikuwa bahasha. Alikuwa ameokota vipande vyote, hata vile vilivyoenda kwa mtaro.

Alivipanga kwa goti lake kimoja kimoja. Halafu akachagua kipande kimoja, akanipatia bila kuniangalia.

"Soma."

Kilikuwa kimeraruka katikati. Nikasoma: "...nyumba yangu iliyoko West Indies, pamoja na ploti ilipojengwa, namwachia binti yangu Maximilla..."

Nikasoma mara ya pili. Mara ya tatu herufi zilikuwa zimeanza kucheza.

"Lusweti, hii ni nini?"

"Ni wosia wa Mama."

"Lakini tulikuwa na wosia. Ule wa Krismasi."

"Ule wa Krismasi ulikuwa umekufuta, Maxi."

Sikuelewa. Nilifikiri ananicheza hata hapo, na Mama yuko ndani na mpira wa dripu kwa mkono.

Wakati huo mwanamke akaja kwa korido anakimbia na viatu mkononi. Suti nyeusi. Lusweti akasimama.

"Huyu ni wakili wa Mama. Anaitwa Adero."

Madam Adero akavaa viatu, akauliza Mama yuko aje kwanza. Hiyo niliiona. Halafu akaangalia bahasha, akaangalia mikono yangu, akakaa.

"Wewe ndiye uliandika ile ya Krismasi?"

"Ndiyo."

"Na ukatia sahihi kama nani?"

"Katibu."

"Kwa sheria hakuna katibu wa wosia. Watu wawili waliotia sahihi chini ya mama yako ni mashahidi. Wewe na mzee wenu. Na shahidi akipewa kitu kwa wosia huo huo, na hakuna mashahidi wengine wawili ambao hawapati kitu, ile zawadi yake inafutika. Wosia unabaki, zawadi yake inaenda."

"Inaenda wapi?"

Madam Adero akamtazama Lusweti. Lusweti ndiye alijibu, akiangalia sakafu.

"Kwa chochote kitakachobaki."

Ule mstari wa Mzee Johnstone. Niliuandika mimi, kwa mwandiko wangu mzuri.

Nyumba yote ingeenda kwa Lusweti. Si nusu. Yote. Mama angeenda, mimi ningetoa karatasi yangu kwa sanduku nikiringa, na korti ingeniambia nimejitoa mwenyewe na kalamu yangu.

"Ulijuaje?" nikamuuliza.

"Mwezi wa tisa rafiki yangu kazini alikuwa anataka kumwandikia babake wosia. Nikampigia Mama, akamwambia Lorraine anitumie picha ya ile karatasi, tuige. Tukaenda kwa wakili fulani kule Nakuru. Akaisoma akacheka. Akaniambia, wewe una bahati, umeachiwa kila kitu na dada yako."

Aliongea kama anasoma risiti.

Jamani, fikirieni hapo. Alikuwa mtu mmoja tu kwa ukoo mzima anayejua. Angekunja ile picha akanyamaza. Asingeiba, asingedanganya mtu, asingemshika mtu kidole. Angengoja tu.

"Nikaja nikamwambia Mama," akasema. "Akalia. Akasema tutafute wakili wa hapa, mara hii ifanywe sawa."

"Na mbona hamkuniambia? Mbona ulinidanganya uko Nakuru?"

Madam Adero akaingilia.

"Mimi ndiye nilisema. Mama yako amepata stroke, hawezi kushika kalamu, na wewe unaishi naye, unampikia, unampa dawa. Kesho mtu wa ukoo anaweza kusimama kortini aseme Maxi ndiye alimlazimisha. Nilitaka niweze kuapa kwamba hukuwa ndani, hukujua siku wala saa. Ndugu yako pia nilimwacha nje kwa gari. Yule mpimaji tulimtuma kwa sababu karatasi yenu ilisema tu nyumba ya West Indies, haikuwa na nambari ya ploti wala mpaka. Title na ile karatasi ya Krismasi ninazo ofisini, nilihitaji hizo nambari. Kulikuwa na mashahidi wawili, karani wangu na mwenye duka la viatu chini ya ofisi. Hawapati hata kijiko."

"Kwa hivyo mimi..."

"Ulipaswa kuambiwa leo," akasema Lusweti. "Mama alitaka akuambie mwenyewe, akupe hiyo bahasha mkononi. Alisema utafurahi."

Niliweka uso kwa magoti.

Halafu nikauliza swali lililokuwa linanisonga tangu nisome kile kipande.

"Madam, una nyingine? Ofisini?"

Madam Adero akatikisa kichwa.

"Nilitaka kubaki na ile yenye kidole. Mama yako alikataa. Alinipa siku mbili tu niipige muhuri, halafu ilale kwa sanduku lake. Niko nayo kwa kompyuta, lakini ile haina kidole."

"Kwa hivyo Mama akienda leo?"

"Akienda leo tutabeba hivi vipande kortini. Tutapigana. Inaweza kuchukua miaka, na siwezi kukuahidi."

Wasomaji, mimi nimewahi kuogopa maishani. Niliogopa kuzaa. Niliogopa siku mume wangu alivunja mlango. Lakini sijawahi kuogopa vile niliogopa kwa hiyo benchi. Nilikuwa nimemwangusha mamangu kwa mikono yangu, na hiyo mikono ndiyo ilikuwa imerarua paa la mtoto wangu. Na kile kilichonila zaidi, mtaniambia ni uongo, ni kwamba nilikuwa nimeuliza juu ya karatasi kabla sijauliza daktari.

Nikainuka nikaenda nikasimama kwa mlango wa wodi. Nikasimama hapo mpaka saa kumi.

Daktari alitoka akasema ni presha ilipanda vibaya. Si stroke nyingine. Lakini watamweka, kwa sababu anaongea kwa shida na wanataka kuona kama itashuka.

Siku nne haikushuka sawasawa. Siku nne nilikuwa naenda kazini, naenda hospitali, narudi, na kila simu ikilia nilikuwa nashika ukuta kwanza. Nilimlisha uji na kijiko, na Mama aliniangalia tu. Sikujua kama ananisamehe au anashindwa kusema hanisamehe.

Siku ya pili, kwa parking ya hospitali, nilimwambia Lusweti nimekosa.

"Nimeitoa ile post," nikasema.

"Screenshot haitoki, Maxi."

"Najua."

"Mke wangu alisomewa ile post kwa chama chao cha akina mama. Walimsomea kwa sauti, yeye akiwa amekaa hapo. Bosi amenipigia simu mara mbili."

Nikaangalia matairi ya Probox. Mimi, mwenye mdomo.

"Ulidhani ningekufukuza na Lorraine?" akauliza.

Nilitaka kusema hapana. Lakini watu mia nne walikuwa wamesoma ndiyo yangu.

Siku ya tano Mama akaamka akaitisha chai yenye majani mengi, akalalamika kuhusu blanketi. Nikajua amerudi. Kitu cha pili alichosema kilikuwa, "Muite Adero."

Madam Adero hakutaka haraka. Alitaka kwanza barua ya daktari kusema akili ya Mama iko timamu. Daktari akamuuliza Mama mwaka, siku, majina ya watoto, na ana mali gani. Mama akamjibu yote, halafu akamuuliza kama yeye ameoa. Barua ikaandikwa.

Jumanne iliyofuata, saa nne asubuhi, Lusweti alimbeba Mama kwa ngazi za ile ofisi mpaka juu. Akamweka kwa kiti, akashuka, akaja tukakaa pamoja kwa Probox. Mlango wa ofisi ulifungwa. Ndani walikuwa Mama, Adero, karani na yule mtu wa viatu.

Lusweti alikuwa amenunua mahindi ya kuchoma, mawili. Akanipa moja bila kusema kitu. Tukakula.

Baada ya kama saa moja wakatuita.

Sasa mnataka kujua wosia mpya unasema nini.

Sijui.

Nawaambia ukweli, sijui. Adero haniambii, ndiyo kazi yake. Mara hii yenye kidole imebaki kwa sefu yake, Mama alikubali mwenyewe, na nakala iko kwa sanduku, limefungwa na Mama ana ufunguo shingoni. Lusweti hajui. Inawezekana ni maneno yale yale niliyorarua. Inawezekana Mama, baada ya kuona nilivyofanya kwa geti, alibadilisha. Ana haki. Ni nyumba yake. Mawe alibeba yeye.

Bado naogopa, sitawaficha. Nikipita sebuleni kila asubuhi naangalia ile dari na najiuliza. Lakini sijauliza na sitauliza.

Nyinyi mlioniambia nirarue, siwalaumu. Mlijua kile nilichowaambia. Nawaomba tu kitu kimoja. Ile post mliishea mara mia nne. Isheeni hii pia, imfikie yule mwanamke aliyesoma ile nyingine kwa chama cha Nakuru, amsomee wifi yangu kwa sauti ile ile. Ndugu yangu anaitwa Lusweti, na alikataa nyumba nzima ambayo hakuna mtu angejua.

Na kama wazee wenu bado wako hai, wapelekeni kwa mtu anayejua sheria wakati bado wanaweza kushika kalamu. Kikao cha familia ni kizuri, lakini mwenyekiti na katibu ni wa kikao. Ukitarajia kupewa kitu, usitie sahihi. Kaa nje. Kula mahindi.

Nimalizie na Jumanne ile ile, tulipofika nyumbani. Nilimkalisha Mama kwa veranda, nikaleta maji ya vuguvugu kwa karai, na Omo.

"Lete kidole," nikamwambia.

Akanipa. Nikasugua polepole, bila jiwe. Wino wa bluu ukaanza kutoka ukaingia kwa maji.

"Ni rangi ya ukuta," Mama akasema.

Na akacheka na ule upande mmoja wa mdomo. Nikasema sawa Mama, nikaendelea kusugua.